Shajara ya mradi: Mbuzi wa 1966 anafungwa breki za disiki

Machi, wiki ya kwanza

Gari liko juu ya stendi, magurudumu yote yameshavuliwa, na gereji ina baridi kiasi kwamba spana inauma mkononi. Kwa anayekutana na mradi huu leo: ni Pontiac GTO ya 1966, injini ya inchi za ujazo 389, kabureta ya midomo minne, farasi 335 kwa hesabu ya kiwanda, gia nne za mkono. Wamarekani wameizoea kuiita Mbuzi, nasi nyumbani tumefuata hivyo hivyo. Injini tulimaliza mwaka jana. Sasa ni zamu ya breki.

Tunaishi Michigan, si mbali na mji wa Pontiac wenyewe, kwa hiyo wazee waliostaafu viwandani hawakosekani, na kila mmoja ana lake la kusema. Wanachokubaliana wote ni kwamba gari hili lilizaliwa kwa ujanja. Miaka ile GM, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa na kanuni kuwa magari yake ya ukubwa wa kati yasizidi injini ya inchi za ujazo 330. John DeLorean, mhandisi mkuu wa Pontiac, pamoja na Bill Collins na Russell Gee, wakaona kuwa 389 ya magari makubwa inakaa ndani ya Tempest, gari la Pontiac la ukubwa wa kati, bila taabu. Ili wasigombane na kanuni, mwaka 1964 waliiuza GTO kama nyongeza ya Tempest LeMans badala ya kuitangaza kuwa gari jipya. Mteja anaomba nyongeza, injini ya gari kubwa inaingia. Breki za gari kubwa hazikuja nayo. Zilibaki dramu za inchi 9.5, yaani ngoma za chuma zinazobanwa na shuu kwa ndani, mbele na nyuma. Hata mwaka 1966, GTO ilipokuwa gari lenye jina lake na kuuzwa karibu magari 97,000, disiki hazikuwepo kiwandani hata kwa mwenye pesa. Zilikuja 1967, tena kwa kulipia zaidi, tena mbele tu.

Shemeji yangu, fundi aliyekulia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kabla ya kuja huku, alipovuta dramu ya kwanza alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. "Shem, yaani Corolla ya kubebea mayai Mbagala ina disiki mbele, hili la farasi mia tatu halina?"

Halina.

Hesabu yenyewe haichekeshi. Gari likiwa na watu wawili na mafuta ni kama kilo 1,700. Likienda kilomita 100 kwa saa, limebeba nishati ya kilojuli 650 hivi, na kusimama maana yake ni kuigeuza yote iwe joto kwenye chuma. Joto hilo linatosha kuchemsha lita mbili za maji ya bombani, na linazalishwa ndani ya sekunde chache. Ukishuka hadi 50, nishati ni robo tu, ndiyo maana mjini unaweza kuzunguka miaka na dramu hizi ukajiona uko salama.

Nizitendee haki dramu. Breki ya kwanza ya asubuhi huwa kali kweli, kwa sababu dramu inapozunguka huivuta breki shuu ya mbele, nayo inaisukuma ya nyuma yake, zikajikaza zenyewe. Dereva anafanya kazi ndogo. Shida inaanza breki ya tatu au ya nne ya nguvu, barabara ikishuka. Joto halina pa kutokea, dramu inatanuka na kuzikimbia shuu, pedeli inazama, na msuguano wa bitana nao unapungua. Halafu gari linavuta upande mmoja, kwa sababu kushoto na kulia havichemki sawasawa.

Machi, siku chache baadaye

Kabla ya rota, yaani sahani zenyewe za disiki, nimeagiza masta silinda, pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedeli. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kila kijana anayepita gereji huuliza ukubwa wa disiki, na sijamsikia hata mmoja akiuliza habari za masta.

Gari la 1966 lina masta ya chumba kimoja. Mafuta ya breki ya magurudumu yote manne yanatoka kwenye tundu moja na kugawanyika kwenye kiungo kimoja cha shaba. Hozi moja ikipasuka popote, umepoteza nne kwa mpigo, umebaki na breki ya maegesho inayovuta waya wa nyuma. Cadillac na American Motors walishaweka masta za saketi mbili, mbele na nyuma kila moja na yake, mwaka 1962. Magari mengine ya GM yalizipata 1967, na kuanzia tarehe 1 Januari 1968 kanuni ya serikali ya Marekani ikalazimisha kila gari dogo kuwa nazo. Mbuzi wetu amekosa kwa mwaka mmoja.

Leo tumemulika tochi kwenye hozi ya nyuma, ile inayotoka kwenye bodi kwenda kwenye ekseli. Imepasukapasuka kama ngozi ya kisigino. Injini yenye farasi 335 ilikuwa inazuiwa na hiyo.

Kwa hiyo mwenye pesa ya kitu kimoja tu, ushauri wangu ni huu: nunua masta ya saketi mbili na hozi zote tatu mpya, uendelee na dramu zako. Hutapata sifa kwa watu, lakini utafika nyumbani.

Machi, katikati ya mwezi

Kubomoa. Breki shuu za zamani hatujui zilifungwa lini, kwa hiyo tunazichukulia kuwa na asbestosi, madini ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Shemeji alikuwa ameshashika bomba la kompresa apulize vumbi, mkono wa mazoea. "Weka chini hiyo, shem." Tukalowesha kila kitu kwa dawa ya kusafishia breki, tukafuta kwa matambara, tukafunga matambara na shuu kwenye mifuko miwili. Barakoa usoni muda wote. Marekani imepiga marufuku asbestosi ya krisotili mwaka 2024, bitana za breki zikiwemo, ila marufuku haiwezi kuingia ndani ya dramu iliyofungwa miaka arobaini iliyopita ikaondoa kilichomo.

Paipu za chuma zimeliwa. Huku kila majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inajificha juu ya fremu mahali usipofika kwa mkono. Nati za paipu ziligoma zote. Hatukupigana nazo: tulikata paipu kwa koleo, tukaingiza soketi ya pembe sita, zikatoka. Paipu zote zinabadilishwa, kwa hiyo hakuna cha kuhurumia.

Aprili

Seti imefika. Ndani yake kuna spindeli mpya (mihimili ya magurudumu ya mbele) za umbo la zile ambazo GM ilizitumia kwenye magari ya ukubwa huu miaka ya 1969 hadi 1972, rota za inchi 11, kalipa za pistoni moja zinazoteleza (vibano vya kubana pedi kwenye rota), busta ya kuusaidia mguu, na vali. Zipo seti zenye rota kubwa zaidi na kalipa za pistoni sita, rangi nyekundu, zinapendeza kweli kwenye picha. Nimezipita. Pedi za kalipa hizi za kizamani zinapatikana duka lolote la vipuri Marekani, hata Jumapili jioni, na hiyo kwangu ni sifa kubwa kuliko rangi.

Nyuma tunaacha dramu. Gari likifunga breki uzito unakimbilia mbele, na mbele ndiko kunakofanya sehemu kubwa ya kazi, hasa hili lenye pande zima la chuma cha injini puani. Nyuma tumeweka silinda ndogo mpya, shuu mpya, springi mpya, na dramu zimesuguliwa karakana ziwe duara tena.

Kuvua spindeli za zamani ndiyo kazi ya hatari kuliko zote katika mradi huu. Springi ya mbele imebanwa kati ya fremu na mkono wa chini wa saspensheni, na spindeli ndiyo inayouzuia mkono huo usianguke. Jeki lazima iwe imeubeba mkono wa chini kabla hujagusa boli jointi, na nati ya boli jointi inalegezwa bila kutolewa kabisa, ibaki kwenye nyuzi chache, ndipo unagonga pembeni kwa nyundo mpaka koni iachie. Nimewahi kuona ukuta wa gereji ya mtu uliopigwa na springi ya namna hii. Tofali lilitoka vipande.

Beringi za mbele tumezijaza grisi kwa mkono, tukakaza nati pauni-futi 12 huku rota ikizungushwa, tukailegeza, tukaikaza tena kwa vidole tu, pini mpya ikaingia. Beringi ya koni ikibanwa sana inaungua. Ikiachwa legelege, rota inacheza na kusukuma pedi nyuma, na pedeli ya kwanza baada ya kona inakuwa ndefu ya kutisha.

Aprili, mwishoni

Jioni nzima imekwenda kwenye karatasi na kalamu, na nimeifurahia kuliko kufungua nati.

Disiki hazijikazi zenyewe kama dramu. Nguvu yote inatoka kwako, kwa hiyo zinataka presha kubwa zaidi kwenye paipu. Chukua mguu unaokanyaga kwa pauni 80, sawa na kilo 36 hivi. Pedeli ya GM ina matundu mawili ya kuunganishia fimbo ya masta. Tundu la juu linazidisha nguvu mara sita hivi, la chini mara nne hivi. Kwa tundu la juu, pauni 80 zinakuwa 480. Masta yenye kipenyo cha inchi 1 ina eneo la inchi za mraba 0.785, kwa hiyo paipu inapata psi 611, yaani pauni 611 kwa kila inchi ya mraba. Ukiweka masta ya inchi moja na moja ya nane, eneo linakuwa 0.994 na presha inashuka hadi psi 483. Mguu ni uleule, gari ni lilelile, umepoteza zaidi ya moja ya tano ya breki kwa kununua masta kubwa. Watu wengi wanadhani masta kubwa ina nguvu. Masta kubwa inasukuma mafuta mengi kwa pedeli fupi, na presha ndiyo inayolipa.

Kwa kukanyaga bila msaada ningechukua masta ya inchi 1 na tundu la juu. Ila mama watoto naye ataendesha, na ameshasema hataki gari la kupigania. Basi busta, masta ya inchi moja na moja ya nane, na fimbo inahamia tundu la chini. Huko ndiko inakotakiwa kuwa ikiwa kuna busta. Ukiiacha juu, fimbo inakaa kwa pembe na breki zinashtuka ukizigusa tu.

Busta inaishi kwa vakyumu ya injini. Geji yangu inasoma inchi 17 za zebaki gari likiwa limetulia, inatosha. Wenye kamshafti kali zinazofanya injini ingurume na kutikisika hawapati hiyo, na breki zao zinakuwa ngumu kama jiwe kwenye mataa, mahali hasa wanapozihitaji. Kwao kuna pampu ya umeme, au mfumo unaotumia presha ya pampu ya usukani.

Neno moja kuhusu masta za zamani za dramu. Ndani zina kivali kidogo kinachobakiza psi 10 hivi kwenye paipu ili mipira ya silinda ndogo isilegee. Kivali hicho kikibaki kwenye saketi ya disiki, pedi hazitoki kwenye rota, gari linajifunga breki lenyewe mpaka linanuka. Na chumba cha masta ya dramu ni kidogo, ilhali pistoni ya kalipa inasogea mbele kadiri pedi inavyoisha, mafuta yakiifuata. Masta ya disiki ina chumba kimoja kikubwa kwa sababu hiyo.

Mei, wiki ya kwanza

Paipu mpya ni za mchanganyiko wa nikeli na shaba. Zinapinda kwa mkono, hazioti kutu, na mdomo wake unapanuka vizuri. Shaba tupu haifai, inachoka kwa mtikisiko na kupasuka. Za chuma kisichoota kutu zinang'aa, lakini kuzipanua mdomo ni adhabu. Kila mdomo umekunjwa mara mbili kwa nyuzi 45. Kuna viungo vya kubana vinavyouzwa kwa mabomba ya maji ambavyo watu huviweka kwenye breki kuokoa muda. Huo ni wazimu.

Hozi moja ya mbele iliyokuja na seti ilikuwa fupi. Usukani ukizungushwa mpaka mwisho, inanyooka kama kamba ya nguo. Muuzaji alijibu kuwa "zote ziko hivyo". Nimenunua nyingine dukani, ndefu kidogo, na mazungumzo yameishia hapo.

Vali imekaa chini ya masta. Inafanya kazi tatu: inazichelewesha disiki za mbele kidogo mpaka springi za shuu za nyuma zishindwe, inapunguza presha ya nyuma ukikanyaga kwa nguvu, na inawasha taa ikiwa saketi moja imepoteza presha. Gari la 1966 halina taa hiyo, kwa hiyo nimechomeka ndogo nyekundu chini ya dashibodi, pembeni, isiharibu sura.

Mei, Jumamosi

Kutoa upepo. Masta kwanza, ikiwa imebanwa kwenye jiliwa mezani, mirija miwili ikirudisha mafuta kwenye vyumba vyake, ikisukumwa taratibu mpaka mapovu yaishe. Kisha ndani ya gari: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto, kuanzia gurudumu lililo mbali. Kabla ya hapo tulikaza shuu za nyuma kwa kile kigurudumu chenye meno mpaka dramu ikwaruze kidogo. Shuu zikiwa mbali, pedeli itazama hata kama hakuna hewa hata chembe, na utamwaga chupa nzima ukimtafuta asiyekuwepo.

Mama watoto kwenye pedeli na koti lake la baridi, kaka yake chini sakafuni.

"Dada, kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Usiachie mpaka niseme."

"Na wewe usichelewe kusema, mguu unakufa ganzi."

"Achia. Kanyaga tena."

Nipeli za kalipa, zile za kutolea upepo, lazima ziwe juu. Kalipa za kushoto na kulia zinafanana, na zikibadilishana nafasi nipeli inaangalia chini. Hewa inabaki juu ya pistoni ikikucheka, na utatoa upepo mpaka Idi.

Mafuta ya breki ni ya daraja la DOT 3. Yanachemka kwenye nyuzi 205 yakiwa mapya, na 140 yakishanyonya unyevu, kwa hiyo tutayamwaga kila baada ya miaka miwili. DOT 4 inavumilia zaidi, 230 na 155, na huenda nikahamia huko, kwani inachanganyika na DOT 3. DOT 5 ya silikoni haili rangi, wenye magari ya maonyesho wanaipenda, ila ni marufuku kuichanganya na hizi mbili. Ndoo ya maji ilikaa pembeni muda wote. Tone la DOT 3 kwenye rangi ni kovu.

Mei, mwishoni

Rimu za zamani za inchi 14 zinagusa kalipa. Tulilitegemea hilo, kwani rimu za magari ya dramu zina tumbo jembamba kwa ndani. Tumeweka za inchi 15 kwa upana wa 7, na tairi za radiali 215/70, ambazo urefu wake unakaribia ule wa 7.75-14 zilizotoka kiwandani. Kuna watu wanafunga disiki za mbele na kuziacha tairi zenye nyuzi za mshazari kwa ajili ya mstari mwekundu ubavuni. Breki inasimamisha gurudumu tu, gari linasimamishwa na tairi. Ukizifunga disiki juu ya mpira wa kizamani, umepata gurudumu linalojifunga mapema zaidi.

Njia ya kwanza ilikuwa kuzunguka mtaa, mwendo wa kutembea, mkono kwenye breki ya maegesho. Pedeli iko juu na ngumu. Kisha barabara tupu ya nyuma ya maghala, kusugua pedi mpya: kukanyaga kwa wastani kutoka kilomita 50 kwa saa bila kusimama kabisa, kuachia upepo upoze, kurudia. Harufu ilitoka, ikaisha, rota zikabadilika rangi kuwa kijivu cha kufanana pande zote.

Jaribio la kukanyaga kwa nguvu lilifanyika asubuhi, lami kavu, shemeji nje akiangalia magurudumu. Nilichokuwa nakitafuta ni mbele kujifunga kabla ya nyuma. Nyuma ikitangulia, gari linageuka na kuangalia lilikotoka. "Mbele, shem! Mbele zote mbili, sawasawa!" Pua ilizama, gari likakaa kwenye mstari, usukani haukuvuta popote. Mama watoto akachukua zamu yake, akakanyaga kwa nguvu kuliko mimi, akarudi akisema sasa linafanana na gari.

Vitu vilivyobaki: waya wa breki ya maegesho umelegea na unahitaji kukatwa upya, kihami cha vumbi cha rota ya kushoto kinakwaruza pale usukani unapofika mwisho, na nati zote za mbele zinakaguliwa tena baada ya maili mia moja za kwanza. Gwaride la Woodward, la magari ya zamani kwenye barabara ya jina hilo hapa Michigan, ni Jumamosi ya tatu ya Agosti, siku nzima ya kwenda na kusimama kwenye joto, na hapo nitapima joto la rota za kushoto na kulia kwa kipimajoto cha mwanga. Zikitofautiana sana, pini za kalipa zinafunguliwa.